Mtoto asiyejua kushiba: Kufuli la jikoni ni rehema, si ukatili

Mzazi aliyewahi kulea mtoto dhaifu anaijua furaha ya kumwona akila. Mtoto huzaliwa mlegevu, mikono na miguu haina nguvu, sauti ya kilio chake haivuki mlango wa chumba. Akiwekwa titini hunyonya mara mbili tatu, kisha huachia na kulala. Mama hukamua maziwa na kumnywesha kwa kijiko, na wengine hulishwa hospitalini kwa mpira uliopitishwa puani. Nyumba nzima huomba dua mtoto ale. Miezi hupita, mwaka wa pili huingia, na dua huonekana kuwa imejibiwa. Mtoto anakula, mashavu yanajaa, na bibi anamwonyesha kwa wageni akisema, "Mashaallah, sasa amekuwa mtu."

Lakini miaka miwili mitatu baadaye furaha hiyo hugeuka kuwa mashaka. Mtoto humaliza sahani yake na kuomba ya nduguye. Huamka usiku wa manane na kukutwa jikoni akila unga mkavu, au mabaki aliyoyatoa kwenye ndoo ya taka. Sarafu zilizoachwa mezani hupotea, na muuza duka wa kona husema mtoto alikuja kununua maandazi. Mama humkanya, baba humchapa, ustadhi humsomea, majirani hunong'ona. Kila mmoja ana jina la kumpa: mlafi, mwizi, mtoto asiyefunzwa. Wapo pia wanaomgeukia mama na kusema kwamba huenda anamnyima chakula.

Ndugu msomaji, mwenendo huo, tangu ulegevu wa utotoni hadi njaa isiyokwisha, ndio mwenendo wa ugonjwa unaoitwa Prader-Willi. Mtoto huyo si mlafi, na mama yake si mzembe wala bahili. Mwili wake umeumbwa bila ule ujumbe ambao sisi sote huupata baada ya kula, ujumbe usemao: imetosha.

Ugonjwa wenyewe

Mwaka 1956, katika mji wa Zürich nchini Uswisi, madaktari Andrea Prader, Alexis Labhart na Heinrich Willi waliandika habari za wagonjwa waliofanana sana ingawa hawakuwa ndugu. Walizaliwa walegevu, wakawa wafupi, mikono na miguu yao ilikuwa midogo, viungo vyao vya uzazi havikukomaa sawasawa, walichelewa kujifunza, na walinenepa kupita kiasi. Ugonjwa ukachukua majina ya wawili kati yao.

Hali yenyewe, hata hivyo, haikuanza mwaka huo. Katika mji wa Madrid limehifadhiwa picho kubwa la kuchorwa mwaka 1680 na Juan Carreño de Miranda, likimwonyesha binti wa miaka sita aliyeitwa Eugenia Martínez Vallejo. Binti huyo alipelekwa katika kasri la mfalme wa Hispania kwa sababu ya unene wake, ili watu wamtazame na kushangaa, na akapewa jina la kumdhalilisha. Baadhi ya madaktari wa zama zetu, wakiutazama umbo na sura yake, wanadhani alikuwa na ugonjwa huu. Zaidi ya miaka 300 imepita, lakini kidole cha kumnyooshea mtoto wa namna hii bado hakijakunjwa.

Ugonjwa huu ni nadra. Hesabu zinazokubaliwa na wengi ni mtoto mmoja katika kila watoto 10,000 hadi 30,000 wanaozaliwa, wa kiume na wa kike, katika mataifa yote. Kwa hesabu hiyo, nchi inayopata watoto milioni mbili kwa mwaka hupata takriban 70 hadi 200 wenye hali hii kila mwaka. Yamkini yumo mmoja mtaani kwenu au katika ukoo wenu, naye hajawahi kupewa jina ila hayo ya kejeli tuliyoyataja.

Kwa nini hashibi

Ndani ya ubongo ipo sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Ndiyo inayosimamia njaa na kushiba, joto la mwili, usingizi, ukuaji na kubalehe. Kwa mtu mzima wa afya, tumbo likijaa habari hufika hapo, naye huusogeza mkono mbali na sahani hata kama chakula ni kitamu. Kwa mgonjwa wa Prader-Willi, sehemu hiyo haifanyi kazi sawasawa. Katika damu ya wengi wao hukutwa kiwango kikubwa cha homoni iitwayo grelini, ambayo kazi yake mojawapo ni kuchochea njaa. Anaweza kuondoka mezani ameshakula wali wa kumtosha mtu mzima, na bado akahisi kama hajala tangu jana.

Njaa hiyo haiji siku moja. Katika mwaka wa kwanza tatizo ni kinyume chake: mtoto hana hamu ya kunyonya. Karibu na umri wa miaka miwili huanza kunenepa ingawa chakula chake hakijaongezeka, na hapo ndipo wengi hudhani kuwa amepona. Baina ya miaka minne na mitano huanza kuulizauliza habari za chakula. Kwa wengi, kufikia umri wa miaka minane hivi, chakula huwa kimeshika fikra zake zote.

Lipo pia jambo la pili linalozidisha uzito. Mwili wake una misuli michache na mafuta mengi, kwa hiyo hutumia nguvu kidogo. Mahitaji yake ya kalori ni takriban asilimia 60 hadi 80 ya yale ya mtoto mwingine wa umri wake. Hata akila sawasawa na nduguye wala asiongezewe tonge, nduguye atabaki mwembamba na yeye atanenepa. Kwa hiyo mtoto huyu amejaribiwa mara mbili: anahitaji chakula kidogo kuliko wenzake, na anahisi njaa kubwa kuliko wote.

Mtume wetu (SAW) ametufundisha kiasi katika kula, na kuliachia tumbo nafasi ya maji na ya pumzi. Mafundisho hayo tunawalea nayo watoto wetu, na ni haki. Lakini humfaa yule ambaye mwili wake humpa habari ya kushiba, akawa na hiari ya kuisikiliza au kuipuuza. Mtoto asiyeletewa habari hiyo hawezi kulaumiwa kwa kutoisikiliza, na dini yetu haimtwishi mtu asiloliweza. Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Hapa msemo huo ni kweli tupu, kwani njaa ya mtoto huyu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuionja.

Lawama isiyo na mwenyewe

Katika nyumba nyingi swali la kwanza huwa ni hili: ametoa wapi? Upande wa mume humtazama mke, na upande wa mke humtazama mume. Wengine husema ni jicho, wengine jini. Ni vyema basi kueleza chanzo chake kwa uwazi.

Kila mtu hupokea kromosomu 23 kutoka kwa baba na 23 kutoka kwa mama. Ndani yake zimo jeni, ambazo ni kama maagizo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Katika sehemu fulani ya kromosomu ya 15, jeni zinazofanya kazi ni zile za upande wa baba tu, na za mama zimenyamazishwa kwa maumbile. Kwa wagonjwa wengi, takriban sita au saba katika kila kumi, kipande hicho cha upande wa baba kimekatika na kupotea. Kwa wengi wa waliosalia, mtoto amepata kromosomu zote mbili za 15 kutoka kwa mama, bila ya baba. Kwa wachache sana, kipande cha baba kipo lakini kimenyamazishwa kimakosa.

Katika namna mbili za mwanzo, jambo hilo hutokea lenyewe wakati mimba inapotungwa au kabla kidogo. Halikuletwa na alichokula mama, wala alichofanya baba, wala laana ya mtu. Kwa kawaida uwezekano wa wazazi haohao kupata mtoto mwingine wa hali hiyo hauzidi asilimia moja. Katika namna ya tatu, zipo familia chache ambazo uwezekano hufika nusu, na kwa hiyo ni muhimu kipimo kionyeshe aina yenyewe kabla wazazi hawajapewa ushauri.

Hapa pana jambo la kupambanua. Wapo watoto wengine wenye njaa isiyokwisha kwa sababu nyingine ya jeni, na mfano mashuhuri ulitoka Uingereza. Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja wenye asili ya Pakistani: binti wa miaka minane mwenye kilo 86 na mvulana wa miaka miwili mwenye kilo 29. Wote wawili walikuwa hawana leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo ya kutosha. Binti huyo alipoanza kudungwa sindano za leptini, alipungua zaidi ya kilo 16 katika muda wa mwaka mmoja, na akawa anaweza kukaa mezani na wenzake akala kama wao. Tabia haikuwa imebadilishwa kwa mawaidha wala kwa viboko. Mwili ulipewa ujumbe uliokosekana, na ulafi wote ukatoweka.

Ugonjwa huo wa leptini hujitokeza mtoto anaporithi jeni yenye kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili, na kwa hiyo huonekana zaidi katika koo ambamo ndugu wa damu wameoana vizazi kwa vizazi. Prader-Willi si hivyo. Haitokani na ndoa ya binamu. Jambo linalozifanya hali hizi mbili zikae pamoja katika makala haya ni funzo moja: njaa ya aina hii ni ya mwili, wala si ya tabia. Tofauti iliyopo ni kwamba kwa Prader-Willi haijapatikana sindano moja ya kurudisha kilichopotea. Kwa hiyo kizuizi kisichokuwemo ndani ya mtoto hakina budi kuwekwa nje yake, nyumbani.

Nyumba ndiyo dawa ya kwanza

Wataalamu waliofanya kazi na familia hizi kwa miaka mingi wamefupisha mafundisho yao katika mambo matatu: pasiwe na shaka, pasiwe na tumaini, pasiwe na kuvunjwa moyo.

Pasiwe na shaka, maana yake mtoto ajue kwa yakini atakula lini na atakula nini. Ratiba ya mlo ibandikwe ukutani, kwa picha kama hajui kusoma. Staftahi, chakula cha mchana, cha jioni, na vitafunio vidogo baina yake vije kwa saa zake. Mtoto mwenye yakini hulia kidogo na huuliza kidogo.

Pasiwe na tumaini, maana yake asiwe na njia ya kupata chakula nje ya ratiba hiyo. Hapa ndipo linapokuja kufuli. Jiko lifungwe, friji lifungwe, kabati la vyakula lifungwe, na ndoo ya taka isiachwe karibu. Pesa zisiachwe ovyo. Tunajua kwamba si kila familia ina jiko lenye mlango. Katika nyumba za kupanga, mkaa huwashwa koridoni au uani na vyungu vya wapangaji watano hukaa pamoja. Huko sanduku moja la bati lenye kufuli, linalotiwa unga, sukari, mkate na kiporo, hufanya kazi ileile. Kinachobaki ni kuwaeleza wapangaji wenzako ili nao wasiache sufuria wazi.

Pasiwe na kuvunjwa moyo, maana yake usimwahidi chakula usichompa, wala usibadilishe mpango ghafla. Ukimwambia leo tutakula saa saba, na ukachelewa hadi saa tisa kwa sababu ya wageni, usishangae akipiga kelele na kujitupa chini. Kwake hilo si jambo dogo.

Wazazi wengi huona uchungu wanapofunga kufuli mara ya kwanza. Mama hujiuliza: ni mzazi gani anayemfungia mwanawe chakula? Lakini tufikiri kidogo. Mtoto anayejua kwamba mlango uko wazi hawezi kusoma, hawezi kucheza, hawezi kulala. Fikra yake yote iko kwenye sufuria. Mlango ukifungwa na ratiba ikashikwa, vita vile hupungua. Wapo wagonjwa watu wazima ambao wenyewe huomba jiko lifungwe, kwa kuwa huko ndiko kupumzika kwao. Mkono unaomshika kipofu ukingoni mwa kisima haumdhulumu, na kufuli hili ni mfano wake.

Jambo moja lishikwe na wote: chakula kisiwe tuzo wala adhabu. Usimwambie "ukinyamaza nitakupa biskuti", na usimnyime mlo wake wa haki kwa sababu amekosa adabu. Kumchapa kwa kosa la kuchukua chakula hakufai kitu, kwani fimbo haiwezi kuifikia haipothalamasi.

Sahani yake

Kwanza, onyo. Katika miaka miwili ya mwanzo mtoto asipunguziwe chakula wala mafuta kwa hofu ya unene wa baadaye. Ubongo wake unakua na unahitaji lishe. Kazi ya kupunguza huanza pale uzito unapoanza kupanda kwa kasi, na iongozwe na daktari au mtaalamu wa lishe anayempima urefu na uzito mara kwa mara.

Baada ya hapo, si wingi tu unaotazamwa bali pia mchanganyiko. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba watoto waliopunguziwa kalori na pia kupangiwa mlo wenye protini ya kutosha, wanga wa kiasi na nyuzinyuzi nyingi walifanikiwa kuliko wale waliopunguziwa kalori peke yake. Katika mlo huo wanga ulitoa asilimia 45 ya nguvu, mafuta asilimia 30 na protini asilimia 25.

Kwa jiko letu hilo linawezekana. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, bamia, kabichi, mabiringanya, zisizoungwa kwa tui zito wala mafuta mengi. Robo iwe samaki, dagaa, kuku asiye na ngozi, maharage au choroko. Robo iliyobaki ndiyo iwe ugali, wali au muhogo, na ipimwe kwa upawa uleule kila siku, si kwa kukadiria. Sukari katika chai na uji iondolewe. Soda na juisi za dukani zisiingie nyumbani, maji yachukue nafasi yake. Kwa kuwa chakula ni kidogo, daktari aulizwe kuhusu nyongeza ya vitamini D na madini ya chokaa, kwani mifupa ya watoto hawa huwa dhaifu.

Pamoja na sahani ipo kazi ya viungo. Misuli yake ni milegevu na atachoka upesi, kwa hiyo aanze kidogo na aongezewe. Kutembea kila siku kwa nusu saa au zaidi, kwa saa ileile, na mtu wa familia akiwa naye, ni bora kuliko mchezo mkali wa mara moja kwa wiki. Kwa wakaao pwani, kuogelea chini ya uangalizi ni zoezi jema sana, kwani maji huubeba mwili.

Yaliyopo hospitalini

Kipimo cha uhakika ni cha damu, kinachochunguza sehemu ile ya kromosomu ya 15. Mtoto mchanga mlegevu asiyeweza kunyonya, hasa mvulana ambaye korodani zake hazijashuka, anastahili kufikiriwa kipimo hicho mapema, kwani anayejulikana akiwa na miezi mitatu anaweza kuongozwa kabla njaa haijaanza. Kipimo hicho hakipatikani kila mahali. Mwulize daktari wa watoto katika hospitali ya rufaa, na umtake akuelekeze kwa bingwa wa homoni za watoto. Tangu mwaka 2008 kituo kilichoko Nairobi kimekuwa kikiwafunza madaktari wa Afrika taaluma hiyo, na waliohitimu wamerudi kufanya kazi katika nchi zao. Lipo pia shirika la kimataifa la familia za Prader-Willi, IPWSO, ambalo limekuwa likisaidia kupata kipimo kwa watoto wa nchi zisizo na maabara zake.

Ama dawa, mbili ni za kutajwa. Ya kwanza ni homoni ya ukuaji, iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu nchini Marekani mwaka 2000. Huongeza urefu na misuli na hupunguza mafuta, lakini haiondoi njaa. Kabla ya kuanza ni lazima usingizi wa mtoto uchunguzwe, kwa sababu wengi wao hukatika pumzi wanapolala. Ya pili ni diazoksaidi kolini, iliyoidhinishwa Marekani Machi 2025 kwa wagonjwa wa umri wa miaka minne na zaidi, na ndiyo dawa ya kwanza kuidhinishwa huko kwa ajili ya njaa hiyo hasa. Nayo ina madhara yake, ikiwemo kupandisha sukari ya damu na kuuvimbisha mwili kwa maji. Dawa zote mbili ni ghali, na hakuna hata moja inayoondoa haja ya kufuli na ratiba. Ama dawa za mitishamba za kukata unene zinazotangazwa mitaani, mtoto huyu asipewe kabisa.

Uzito usipodhibitiwa, hufuata kisukari, matatizo ya moyo, uti wa mgongo uliopinda kuelemewa, na pumzi kuwa nzito hadi mgonjwa kufa usingizini. Uzito ukidhibitiwa mapema, wengi huufikia utu uzima wakiwa na afya njema. Ndiyo maana kazi hii ya nyumbani, inayoonekana ndogo, ni kazi ya kuokoa uhai.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Wagonjwa wa Prader-Willi hutapika kwa nadra sana, na hawahisi maumivu kama sisi. Akiwa amekula kwa wingi mno kwa siri, tumbo laweza kuvimba hadi ukuta wake kufa au kupasuka, naye asilie kama mtu mwenye maumivu ya kiasi hicho. Kwa hiyo mzazi akumbuke: mtoto huyu akikataa chakula, au akitapika, au tumbo likivimba na kukaza, asisubiri kuona kitakachotokea. Ampeleke hospitali saa hiyohiyo na amwambie daktari jina la ugonjwa.

Pia hula kwa haraka na kuficha matonge makubwa kinywani, na wapo waliokufa kwa kupaliwa. Asiachwe kula peke yake, na miiba ya samaki na mifupa iondolewe kabla ya kumpa.

Ramadhani, Idi na shughuli

Maisha yetu ya Kiislamu yamejaa chakula cha pamoja, nacho ni neema. Kwa familia hii, neema hiyo huhitaji mpango.

Katika Ramadhani, saa za mlo hugeuka, na alasiri nzima nyumba hunukia kaimati, sambusa na tambi. Mtoto ambaye hajabaleghe hana wajibu wa kufunga, na ratiba yake ya kawaida ibaki kama ilivyo. Akitaka kukaa nao wakati wa futari, sahani yake ya jioni isogezwe hadi magharibi, iwe imepimwa, na ajue hivyo tangu asubuhi. Kwa aliyekwisha kuwa mtu mzima, Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Je, mtu huyu anaingia katika ruhusa hiyo, na je, akili yake inambebesha wajibu? Hayo familia iyapeleke kwa sheikh mwenye elimu pamoja na maelezo ya daktari, wala isijihukumie yenyewe.

Sinia ni desturi yetu nzuri, lakini kwa mtoto huyu halifai, kwa kuwa hakuna ajuaye nani amekula kiasi gani. Apewe sahani yake mwenyewe, akae palepale pamoja na wenzake ili asijione ametengwa. Kwenye walima, hitima au maulidi, mmoja wa familia apewe kazi ya kuwa naye tangu kuingia hadi kutoka, na watu wake waondoke mara baada ya kula, kabla masinia yenye mabaki hayajazunguka. Siku ya Idi, watoto hupewa sarafu kila nyumba, na sarafu hizo kwake ni mlango wa duka. Wajomba na mashangazi waombwe mapema wampe nguo, mpira, au picha za vipande vya kupanga, ambazo wengi wa watoto hawa ni hodari sana kwazo.

Kazi hii si ya mama peke yake

Bibi anayempenyezea kipande cha mkate wa kumimina kwa huruma, jirani anayemwita na kumpa kashata, mwalimu wa madrasa anayewapa pipi waliohifadhi sura, mwenye duka anayemkopesha andazi: wote wanafanya wema, na wote wanabomoa kwa dakika moja kilichojengwa kwa mwezi. Mbaya zaidi, wanamfundisha mtoto kwamba tumaini bado lipo, na kesho atalitafuta tena kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo wazazi wasione haya kusema. Waende kwa mwenye duka, kwa ustadhi, kwa mwalimu wa shule, kwa wapangaji wenzao, waeleze kwa maneno machache: mtoto wetu ana maradhi, chakula chochote nje ya ratiba kinamdhuru, tafadhali msimpe. Nasi tukielezwa hivyo, tusijibu "kidogo tu hakidhuru". Anayetaka kumfanyia ihsani ampe muda wake: atembee naye, amsomee, acheze naye, ampumzishe mama yake kwa saa mbili.

Na wawepo pia katika hesabu ndugu zake. Nao wamefungiwa jiko bila kuwa na maradhi. Wapewe haki yao ya kitafunio mahali pengine, waelezwe ukweli wa ndugu yao, na wasifanywe askari wa kumlinda mchana kutwa.

Baba naye asijiweke kando akidhani mambo ya jikoni ni ya wanawake. Ufunguo wa jiko ukikaa mkononi mwa mama peke yake, kila kilio, kila tusi na kila ombi la saa nane za usiku litamwangukia yeye. Ufunguo huo uwe na zamu.

Mwenyezi Mungu awape subira na hekima wazazi waliopewa amana hii, awaafu wagonjwa wetu, na atujaalie sisi tulioshiba tuwe watu wa kusaidia badala ya kunyoosha vidole. Amin.